Fundi na Machujio Mawili

Fundi alikuwa haogopi umeme. Naanza na hilo kwa sababu mtu yeyote wa Chang'ombe aliyemjua ataanza na hilo. Alikuwa anaupima kwa kidole. Analowesha kidole cha shahada mdomoni, anakigusisha kwenye waya, anatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi, anasema, "Upo, lakini leo mdogo," kisha anaendelea na kazi yake. Mie hapo nimeshasimama mlangoni, mkono kifuani, roho juu.

"Fundi, utakufa wewe!"

"Nitakufa, sikatai. Lakini wewe Mnyamwezi utanitangulia. Utakufa kwa woga, umeme hautapata hata zamu yake."

Na kweli mie ni mwoga, sioni haya kusema. Naogopa mbwa, naogopa barua za serikali, naogopa mtu akipiga hodi kwa nguvu. Zaidi ya yote naogopa kumwambia mtu neno litakalomuumiza. Woga wangu mwingine wote haujawahi kumdhuru mtu ila mie mwenyewe. Huu wa mwisho ulimdhuru Fundi, ndiyo maana nakaa leo kuandika habari zake.

Nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Mambo yalipofunguliwa, bidhaa zikajaa madukani na sie tukajaa barabarani. Barua ya kunipunguza kazi niliipiga chapa mwenyewe, nakala tatu, bila kosa hata moja. Nikaondoka na taipureta chakavu waliyokuwa wanataka kuitupa, nikapanga nusu ya banda la Fundi, nyuma ya viwanda. Kati yangu na yeye palikuwa na plaiwudi tu. Upande wangu watu wanakuja kuandikiwa barua za kuomba kazi. Upande wake redio, kaseti, amplifaya, na baadaye zile deki za CD zilizokuwa zinashuka kutoka Dubai kwenye mabegi ya wafanyabiashara.

Yeye alikuwa Mzaramo wa hapa hapa, mie baba yangu alitoka Tabora, kwa hiyo tulikuwa watani. Siku ya kwanza tu aliponisikia jina la ukoo akaniambia, "Karibu mtumwa wangu, mizigo iko kule nyuma." Nami nikamjibu kwamba Mzaramo hajawahi kumiliki mtu, hata mkewe anamwazima. Basi, tukaelewana. Utani ndivyo ulivyo. Jirani atakusitiri, ndugu atakuonea haya, lakini mtani ndiye anayekuja msibani kwako na kukwambia marehemu alikuwa mchoyo, na wewe huruhusiwi kununa. Mtani amepewa ruhusa ya kusema kweli. Fundi aliichukua ruhusa ile kwa mikono miwili. Nikija na nywele mpya ananiuliza nani amefiwa.

Kazi yake aliifanya kwa masikio. Hakuwa na vile vipimo vyenye kioo walivyokuwa navyo mafundi wa mjini. Ukimletea redio, kwanza anakuomba unyamaze. Anaiwasha, anafumba macho, anainamisha shingo upande wa kulia, anakaa hivyo hata dakika tano. Mwenye redio anaanza kusonya. Halafu Fundi anafumbua macho na kusema, "Kapasita moja imevimba, na spika yako imechanika kwa chini. Nani aliiangusha?" Mwenye redio anageuka kumtazama mkewe. Hajafungua hata skrubu moja.

Siku moja nilikuwa napiga chapa barua ya mtu, akagonga plaiwudi. "Mnyamwezi, herufi yako ya m inachechemea." Nikamwambia asinisumbue. Nilipoigeuza mashine nikaukuta mkono wa m umelegea, umebakia kwenye uzi. Nilishtuka, wallahi. Mtu anayesikia herufi ikichechemea nyuma ya mbao, ataacha kusikia nini mle ndani ukimsema? Tokea siku ile soga za umbea nikawa nazipigia mbali na banda.

"Mkono ni mtumwa," alikuwa akisema, "sikio ndilo bwana." Na bwana huyo alikuwa anatunzwa, we acha. Harusi ikiwa na vipaza sauti Fundi haendi, anatuma mchele. Alikuwa ndiye anayetengeneza vipaza sauti vya msikitini, na ndiye aliyeitengeneza amplifaya ya kwaya ya Walutheri, na kote huko alikuwa anaingia na pamba masikioni. Mvua ikinyesha anajifunga kilemba kama bibi harusi. Mtu asiyeogopa umeme alikuwa anaogopa tone la maji. Mtaa mzima unacheza ngoma kwa mikono yake, lakini nyumbani kwake hapakuwa na redio hata ya mbao. Nilipomuuliza kwa nini, alisema bwana akitoka kazini anataka kulala.

Nilicheka sana mwanzoni. Niliacha kucheka siku aliponisimulia habari za mzee wa Kihindi wa Kariakoo aliyemfundisha kazi. Mzee yule masikio yalimwondoka taratibu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Alikuwa anakabidhi redio zinavuma kama mzinga wa nyuki, na anasema ziko sawa. Wateja wakawa hawarudi, wala hakuna aliyemwambia sababu. Mwishoni alikuwa anakaa mlangoni pa duka, watu wakipiga soga wakicheka na yeye anacheka, lakini anacheka wenzake wameshamaliza.

"Kucheka nyuma ya wenzio, Mnyamwezi," Fundi aliniambia, "mie hicho ndicho ninachokiogopa. Kaburi siliogopi." Alisema hivyo, akainamia tena waya alizokuwa anazichomelea. Sikuwahi kumsikia akitaja hofu kabla ya hapo. Nami nikaanza kumwogopea sikio lake, kama vile mama anavyomwogopea mtoto anayevuka barabara.

Sasa hii mashine.

Mfanyabiashara mmoja wa Dubai alimletea deki mbili za CD zilizokufa, na ndani ya boksi moja kulikuwa na jarida la Kiingereza lililowekwa kama kifungashio. Fundi alilinyoosha kurasa zake, akaniletea nimsomee, maana Kiingereza changu kilikuwa cha ofisini. Kulikuwa na makala ndefu ya kitu kinachoitwa chujio. Nilisoma bila kuelewa, yeye akaelewa bila kusoma, halafu akanieleza mie niliyesoma.

"Kwenye CD hakuna sauti," alisema. "Kuna namba tupu. Mashine inazisoma zile namba na kuzigeuza ziwe umeme, umeme unakuwa sauti. Lakini zikigeuzwa hivyo zinatoka na chicha, kama nazi. Lazima uzichuje. Sasa kuna chujio la tundu finyu, chicha haipiti kabisa. Na kuna la tundu pana, chicha inapita kidogo, lakini wanasema tui lake halikamuliwi kwa nguvu. Huyu mwandishi anasemaje? Mlaji anaonja tofauti?"

Nikamsomea tena mstari ule. Mwandishi alisema tofauti ni kama usiku na mchana, na mtu asiyeisikia akapimwe masikio.

Fundi aliinama juu ya ukurasa. Kisha akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Alilikunja jarida akaliweka chini ya godoro la kiti chake.

Alikaa mwezi na nusu na zile deki mbili. Akachukua kibao cha hii na kibao cha ile, akavifunga kwenye sanduku moja la mbao, lenye chujio finyu na chujio pana, na mbele akatia swichi moja kubwa ya kupandisha na kushusha. Ukiipandisha muziki unapita finyu, ukiishusha unapita pana, na wimbo haukatiki. Mafundi wa mjini walikuja kuitazama wakatikisa vichwa. Kisha akaweka kiti mbele ya spika, kile cha mbao chenye godoro, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kila aliyeingia alikalishwa. Umekuja kuchukua pasi yako, kaa. Umekuja kuuliza njia, kaa. Alikuwa na CD moja tu, ya muziki wa Kikongo, ina matoazi yanayolia chii mwanzo hadi mwisho. Anaiweka, anasimama nyuma ya sanduku, anapandisha swichi, anashusha, anapandisha, na anakutazama usoni kwa macho ambayo hayapepesi.

"Unasikia?"

Sasa mtu atajibu nini? Mbele yako mzee wa watu, umempa shikamoo ameitikia, mtu ambaye Temeke nzima inajua masikio yake, ametengeneza mashine kwa mkono wake, anakuuliza unasikia. Utasema husikii? Ni sawa na kukaribishwa chakula ukasema hakina chumvi. Watu walisikia. Lo, walivyosikia! Muuza nyama alisema ya juu ina mifupa, ya chini ina mafuta. Mwalimu wa kwaya alisema ya kwanza inaimba imesimama, ya pili inaimba imekaa. Bibi mmoja mpika vitumbua alifumba macho akasema ile ya pili imemkumbusha marehemu mumewe. Fundi alikuwa anasikiliza majibu haya yote kwa makini, anauliza, "Kwa wapi hasa? Kwenye matoazi au kwenye gitaa?" na wao wanazidi kupamba.

Nami nilikalishwa, mara nyingi kuliko wote, maana nilikuwa karibu. Niseme wazi: sikusikia kitu. Ilikuwa matoazi chii, na matoazi chii. Nilikaza masikio mpaka shingo ikauma. Mtani mzima, mwenye ruhusa ya kumwambia mtu marehemu wake mchoyo, nikainua uso nikasema, "Ehe, Fundi, tofauti ipo. Ya chini ni laini."

"Laini eeh," alisema, na akageuza uso.

Miaka miwili ilikuwa hivyo. Katika miaka hiyo nikagundua jambo moja lililoninyima raha. Fundi mwenyewe sikumwona hata siku moja akikikalia kiti kile mbele ya spika. Na kamwe hakusema yeye anasikia nini. Alikuwa anauliza tu. Nikaanza kuwaza, mbona huyu hasemi? Au na yeye hasikii? Wazo lile likaniingia kichwani likakaa. Kama Fundi hasikii, na mashine hii ameitangaza hivi, siku mtu akija akaligundua, nani atampelekea tena redio? Atasemwa ni mzee anayesikia visivyokuwepo. Atakuwa yule Mhindi wa mlangoni. Kila mgeni mwenye uso wa ubishi akiingia, vidole vyangu vinagonga herufi mbili kwa mpigo.

Mgeni mwenyewe hakutoka mbali. Alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, kijana kutoka Bukoba, mwalimu wa fizikia wa sekondari, shati limenyooshwa hata Jumapili. Sie tulimwita Mwalimu. Alikalishwa kwenye kiti kama wote. Swichi ikapanda, ikashuka.

"Unasikia?"

"Shikamoo yako iko palepale, Fundi," alisema Mwalimu, "lakini mie sisikii."

Nyuma ya plaiwudi nikaacha barua ya mtu katikati ya mstari. Nikatoka. Fundi alikuwa amemkazia macho yule kijana, na uso wake sikuweza kuusoma.

"Husikii kabisa?"

"Kabisa. Na sidhani kama kuna anayesikia. Tofauti ya machujio haya iko juu sana, huko sauti zinakokuwa nyembamba mno. Kipimo kitaiona. Karatasi itaionyesha. Popo labda. Lakini sikio la mtu mzima halifiki huko."

"Wote hawa wanasikia," Fundi alisema polepole.

"Wanajua swichi iko wapi, Fundi. Wanakuona ukiigeuza. Mtu akijua, anasikia anachokijua. Tuwafunike wasione, halafu tuone."

Nilitaka kumpiga yule kijana na taipureta. Lakini Fundi, badala ya kumfukuza, alisema, "Tufanye," na alisema haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuambiwa.

Tulifanya Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo. Mwalimu alitundika kanga yangu kwenye kamba, katikati ya kiti na sanduku. Nyuma ya kanga atakaa Fundi na swichi, na yeye Mwalimu pembeni yake na shilingi ya kurusha. Ikianguka kichwa, Fundi anapandisha, finyu. Ikianguka mwenge, anashusha, pana. Aliyeko kwenye kiti anasema ni ipi, na Mwalimu anaandika. Mara kumi.

"Ukibahatisha utapata tano, sita," Mwalimu alisema. "Ukisikia kweli utapata zote, au ukose moja."

"Nani anakaa?" niliuliza, nikiwa nimeshaufuata mlango.

Fundi alininyooshea kidole. "Huyu. Wengine wananiheshimu. Huyu mtani wangu, hana adabu, hatanificha."

"Mie? Mie sijui muziki, Fundi, tafuta mtu wa kwaya..."

"Kaa, Mnyamwezi."

Nikakaa. Mikono nimeibana katikati ya magoti. Matoazi yakaanza, chii, chii, na mie ndani nasema Mungu wangu, leo naua mtu. Nikisema ninavyobahatisha, nitapata tano, Mwalimu atacheka, kesho itajulikana mpaka Keko, na mzee huyu atakuwa kichekesho. Nilikuwa na hofu kiasi kwamba nilisikia damu yangu mwenyewe kuliko ule muziki.

Kisha nikainua macho. Kanga ilikuwa ya zamani, imefuliwa mpaka imekonda, na dirisha lilikuwa nyuma yao. Kivuli cha Fundi kilikuwa kimechorwa pale kama picha. Kiwiko chake kilipanda. "Finyu," nikasema. Kiwiko kikashuka. "Pana." Kikatulia chini. "Pana tena." Sikuwahi kumshukuru Mungu kwa kanga iliyochakaa kama siku ile.

Baada ya mara ya kumi Mwalimu alitoka na karatasi, shati limelowa jasho. "Kumi," alisema. "Zote kumi. Sielewi."

"Hesabu tena," Fundi alisema kutoka nyuma ya kanga.

Akahesabu tena. Kumi. Fundi alitoka, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kwenye ndoo kunawa mikono. Alinawa na kunawa. Mie nikasema moyoni, furaha imemzidi mzee wangu. Nilijisikia shujaa, mie mwoga wa Tabora.

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Alisema, "Fundi, niwie radhi. Lakini hebu na wewe ukae, nikupime wewe mwenyewe. Mie nitageuza."

Fundi aligeuka, maji yanachuruzika. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa hospitali. Alipiga hatua moja kuelekea kwenye kiti, kweli alipiga, naiona mpaka leo. Nami nikaruka kati. "We Mwalimu, mwache mzee wa watu! Mtu aliyeitengeneza mwenyewe asiisikie? Adabu iko wapi?" Kijana akaona aibu, akashusha kanga yangu, akaikunja. Fundi akalifunika sanduku kwa gunia.

Tokea hapo hakumkalisha mtu tena. Nilidhani amepata alichokitaka, amepumzika. Kumbe ndiyo kwanza hofu ilikuwa imeingia nyumbani na kufunga mlango. Nilianza kumwona akisugua vidole karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Akaacha kufumba macho. Mtu akileta redio, Fundi anamuuliza, "Wewe unasikiaje? Inakoroma?" Wanamtazama kwa mshangao, maana walikuja kuambiwa. Amplifaya ya kwaya ilipoharibika aliwaambia wampelekee fundi wa Tandika. Halafu kaseti. Halafu hata redio za betri mbili. Na katika wakati wote huo, hakuna kazi yake hata moja iliyorudi na kasoro. Hata moja.

Siku moja alisimama mlangoni kwangu. "Mnyamwezi, chukua banda lote."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Kazi imeniishia." Alisubiri kidogo, kama mtu anayetaka kuulizwa swali. Sikumuuliza. Niliogopa. Nilidhani amejua habari ya kivuli, amejua nilimdanganya mbele ya mgeni, na anaondoka na hasira yake ili tusiaibishane. Nikainama kwenye taipureta nikasema, "Haya, Fundi, pumzika." Alihamia Mbagala kwa dada yake, na nikasikia analima mchicha bondeni.

Sikwenda kumtazama. Miaka mitano mtani wangu yuko Mbagala na mie niko Chang'ombe, sikwenda. Nilikuwa naona haya, na haya ikikaa sana inageuka kuwa hofu, na hofu ikikaa unaizoea.

Nilikwenda Mbagala kwa kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu. Asubuhi nikatumwa sokoni. Soko lile unalijua, makelele matupu, wauza mitumba wanapiga makofi, spika za wauza kanda zinashindana, magari ya Kilwa Road yanapiga honi. Nilikuwa nabishana na muuza nyanya, safu ya tatu kutoka njiani, wala sikupaza sauti.

"Wanyamwezi hamuachi kulialia hata ugenini?"

Niligeuka. Alikuwa amekaa chini mbali kidogo, hatua kama kumi na tano, amenipa mgongo, anafunga mafungu ya mchicha. Hakuwa amegeuka kunitazama. Alinijua kwa sauti, katikati ya kelele zile zote.

Nilimwendea mbio. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Una mafua, eeh? Yako kifuani, hayajashuka." Na kweli nilikuwa nayo. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, lakini meno yaleyale. Akanisogezea ndoo nikaikalia. Tukaulizana habari za nyumbani, za dada yake, za Mwalimu aliyerudi Bukoba. Nikamwambia watu bado wanamuulizia. Nikamwambia arudi hata kesho.

"Nirudi kufanya nini? Masikio yalishakufa, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo wapi?"

"Siku ya kanga." Aliendelea kufunga mchicha. "Lile jarida lilinitia hofu. Nikatengeneza sanduku ili nijisikilizie mwenyewe. Sikusikia kitu. Nikasema labda sanduku bovu, niwaulize watu. Kila mtu anasikia. Muuza nyama anasikia, bibi wa vitumbua anasikia, mie tu. Alipokuja yule kijana akasema hasikii, nilipata nguvu. Nikasema, nimpate mtu wa kweli nimpime. Nikakukalisha wewe. Ukapata zote kumi, na mie swichi iko mkononi mwangu, najua iko wapi, na bado kwangu ni mamoja. Nikasema basi, niondoke kabla sijawakabidhi watu takataka."

Nilishika mpini wa kikapu changu. Nilitaka kunyamaza, nisiwe mwongo tena wala mkweli, niinuke tu niende zangu na nyanya zangu. Mungu ndiye aliyenishika pale kwenye ndoo.

"Fundi, niliona kiwiko."

"Kiwiko gani?"

"Chako. Kivuli kwenye kanga. Ukipandisha swichi kinapanda, ukishusha kinashuka. Nilikuwa nasoma kiwiko."

Mikono yake ilisimama. "Na kabla ya hapo? Miaka miwili nilipokuwa nakuuliza?"

"Sikuwahi kusikia. Hata mara moja. Nilikuwa naogopa kukuvunja moyo, nasema tu. Na wale wengine, Fundi, nadhani ni hivyohivyo. Sijui kama duniani kuna anayesikia. Labda wapo. Lakini pale kwako hakuwepo." Nikaanza kulia mbele ya watu, kamasi na machozi, mwanamke mzima na kikapu. "Nisamehe. Nisamehe, baba."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Mwanamke mmoja alikuja akauliza mchicha, Fundi akamhudumia, akamrudishia chenji, akamwambia aende salama. Kisha akakaa akitazama mafungu yaliyobaki.

"Mtani wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "mie miaka ile miwili, kabla ya yule kijana, nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu aniambie hasikii. Tungekuwa wawili."